Soko Lipishe

Tarehe 4 Machi

Masika yameanza leo, na yameanzia kwenye kibanda changu. Bati limetoboka palepale juu ya kiti cha wateja. Nimemsuka muuza sabuni huku amepakata beseni, tone, tone, tone, analalamika utafikiri mimi ndiye niliyeileta mvua. Nikamwambia, "Dada, tulia. Kichwa chako ni kigumu kuliko hilo bati." Akacheka. Mtu aliyesukwa upande mmoja hana pa kwenda, lazima acheke.

Mchana wamekuja watu wa matangazo na kamera. Wamepita vibanda vyote, wakasimama kwa wifi yangu, mke wa kaka, anayeuza vitunguu na nyanya jirani yangu. Wamempanga mbele ya nyanya, wamemwambia atabasamu na anyooshe kiganja kama anayepokea kitu. Wifi naye, si mnamjua, akanyoosha kiganja na shingo juu. Nimeulizia picha ni ya nini. Amenijibu, "Ya wenye sura."

Tarehe 7 Machi

Mvua. Wateja wawili, mmoja mkorofi.

Tarehe 12 Machi

Loo! Wifi yuko juu ya lango la soko, mkubwa kuliko lango lenyewe. Bango zima ni yeye: meno, kiganja, nyanya. Chini yake wameandika SOKO LIPISHE! SEMA NDIYO.

Na gari la spika limeanza kuzunguka. Nieleze vizuri, maana kuna siku nitasahau ilivyoanza. Mwezi ujao kata nzima inapiga kura ya maoni. Kampuni fulani inataka kujenga maduka ya ghorofa hapa mjini, wanauita mradi, nasi tutaulizwa swali moja kuhusu soko na huo mradi. Jibu ni Ndiyo au Hapana. Wimbo wa gari unasema, "Mradi unakuja, soko lipishe! Lipishe, lipishe, sema ndiyo!" Una ngoma tamu hiyo, miguu inakwenda yenyewe.

Soko zima linaimba. Kila mtu anajua maana yake: mradi ukija tutawalipisha. Wakipitisha malori, tunalipisha. Wakitaka kiwanja cha nyuma, tunalipisha. Ndiyo maana wifi kanyoosha kiganja. Hata mimi nimeimba mchana kutwa, mteja akaniambia nimemvuta nywele kwa mdundo.

Nyumbani nimemweleza Mama. Kibanda ni chake, alikianza mimi nikiwa mgongoni, magoti ndiyo yaliyomtoa sokoni. Akauliza, "Nani kawaambia mtalipwa?"

"Si wimbo, Mama."

"Wimbo una masikio ya kuulizwa?"

Nikamwambia anywe chai yake.

Tarehe 15 Machi

Mvua. Wimbo. Mvua.

Tarehe 19 Machi

Wifi hashikiki. Anafika sokoni saa mbili badala ya alfajiri, kajipaka poda, na anapopita chini ya bango anapunguza mwendo ili watu wafananishe. Leo mnunuzi kamwomba apunguze bei ya vitunguu, akamjibu, "Unaongea na mtu wa bango." Kilemba cha ukoka hicho kimemkaa barabara. Kaka yuko safarini na lori lake, hajui mkewe sasa ni mali ya umma.

Nimemwambia, "Wifi, nyanya zinaoza ukiwa unatabasamu." Hatujasalimiana tangu hapo.

Tarehe 28 Machi

Leo nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilikuwa imekata kidogo. Gari la spika liliingia kwenye njia ya katikati, ile nyembamba, likanasa kwenye tope mbele ya kibanda changu. Dereva wake, tunayemwita Bwana Spika, kawasha wimbo kwa sauti ya juu ili tusione aibu yake. Nyuma yake akaja mpagazi na mkokoteni wa viazi, hana pa kupita. Kangoja, kangoja, mwishowe kapaza sauti kuushinda wimbo:

"Oya! Hilo gari lipishe, bwana! Lipishe, watu wapite!"

Nilikuwa katikati ya mstari kwenye kichwa cha mshonaji. Vidole vikasimama.

"Umesemaje?" nikamwuliza mpagazi.

"Nimesema gari lipishe."

"Yaani lilipe?"

Akanitazama. "Lilipe nini? Litoke njiani! Mama, leo Kiswahili kimekukimbia?"

Nikageuka nikatazama lango. SOKO LIPISHE. Mwenzangu unayesoma haya, hebu sikiliza. Gari lipishe, gari litoke. Soko lipishe, je? Nikasema polepole huku nimeshika msuko wa watu: lipishe, lilipishe. Lipishe, lilipishe. Soko la kulipisha lina li mbili. Moja ya soko, moja ya kulipa. Soko lilipishe. Pale juu ya kichwa cha wifi kuna li moja tu.

Sisi tulisoma kama amri: haya, soko, lipishe! Kumbe sisi ndio tunaoambiwa tupishe. Na tunaimba tufukuzwe, tena kwa makofi.

Nikatoka na kichana mkononi hadi dirishani kwa Bwana Spika. "Kaka, huo wimbo maana yake nini?"

"Mimi nacheza nilichopewa, mama."

"Sikukuuliza nani kakupa. Maana yake nini?"

Akazima spika. Akatazama usukani. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, "Si unajua Kiswahili."

Mshonaji akaniita kutoka kibandani, anauliza kama nusu ya kichwa chake naigawa bure.

Tarehe 29 Machi

Leo nimewaambia wote. Nimesimama juu ya kreti katikati ya soko nikapiga kelele: "Nyie mbumbumbu, mnaimba mfukuzwe! Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe mmelibeba wenyewe!" Nikaeleza li moja na li mbili. Nilieleza vizuri sana.

Hakuna aliyesikia. Mwenyekiti wa wafanyabiashara kasema wale wa kampuni ni watu waliosoma, hawawezi kukosea Kiswahili. Nikamwambia hawakukosea, ndiyo shida yenyewe! Muuza samaki kauliza mbona mimi peke yangu nimeelewa, nani kanituma? Na wifi, kutoka nyuma ya nyanya zake, kasema taratibu ili kila mtu asikie:

"Mwacheni. Kamera ilimpita."

Wakacheka. Wakacheka mpaka wimbo ukaanza tena, wakauimba wakinitazama mimi. Nimetukana, sitaandika nimesema nini.

Tarehe 30 Machi

Hakuna mteja.

Tarehe 31 Machi

Hakuna mteja. Nimejisuka mwenyewe.

Tarehe 2 Aprili

Bati limetoboka tundu la pili. Kama kibanda kinavunjwa, niliwaza, ya nini kuziba? Kisha nimeona haya, nimeziba. Huko nyuma ya nguzo kuna alama za kucha za Mama alizokuwa akikwangua kuhesabia zamu za wateja kabla hajajua kuandika. Hapa ndipo nilipolelewa na kulishwa, hapa ndipo alipopata hela ya sare zangu za shule. Hawa watu wanataka niseme ndiyo, paondoke? Nimelia kidogo, nikasingizia moshi, na moshi wenyewe haukuwepo.

Tarehe 5 Aprili

Mama kaniuliza mbona narudi mapema. Nimemweleza yote.

"Uliwaambia nini hasa?"

"Ukweli!"

"Ulianzaje?"

"Nilianza na 'nyie mbumbumbu'."

"Basi walilisikia hilo, wakatosheka." Akavuta shuka. "Na wewe ulipokuwa unaimba, ulikuwa nani?"

Mama huyu angekuwa na magoti, angekuwa rais.

Tarehe 6 Aprili

Muuza sabuni karudi. Ana harusi ya mdogo wake, na hakuna mwingine wa kumsuka. Kakaa bila kunisalimu. Nami sikusema neno la bango. Nimesuka upande wa kushoto wote, kimya, mvua ikipiga bati. Nilipoanza wa kulia nikamwuliza, kama mtu anayepiga soga:

"Dada, nikikuambia beseni lipishe, beseni linafanya nini?"

"Linatoka, mtu akae."

"Na gari lipishe?"

"Linatoka njiani. Unanifanya mtoto?"

"Na soko lipishe?"

Mikono yangu haikusimama. Yeye ndiye aliyesimama, ndani kwa ndani, nilihisi shingo ikikakamaa.

"Endelea kusuka," akasema kwa sauti ndogo.

Kumbe hii ndiyo njia! Kwenye kreti nilikuwa na soko zima na sikuwa na mtu. Hapa nina mtu mmoja, lakini ninaye kweli, na hatoki mpaka kichwa kiishe. Alipoondoka nikampa kazi: "Usimweleze mtu. Mwulize."

Tarehe 8 Aprili

Vichwa vinne. Vyote vimesema "endelea kusuka" kwa sauti ileile. Nimegundua jambo: hawa si mbumbumbu. Mtu ameamka kabla ya jogoo, anabeba gunia, anauza, anapika, analala. Wimbo unamfikia akiwa amechoka, mtamu, hauna swali. Nani ana nafasi ya kuhesabu li?

Tarehe 9 Aprili

Muuza samaki kaja kuniuliza kama ni kweli. Hana nywele hata moja. Nimemkalisha kitini hivyohivyo nikampaka mafuta kipara, tukaongea.

Tarehe 11 Aprili

Leo ni ya wifi.

Maneno yamemfikia kwamba watu wanabadilika. Asubuhi kavaa gauni lile la bango, kasimama katikati ya njia akasema, "Nitawamaliza maneno leo. Naenda ofisini kwao, narudi na kiwango tutakachowalipisha. Wananijua." Akaenda kwa miguu, mwavuli mmoja, kichwa juu. Mimi, Mungu anisamehe, nilitayarisha maneno ya kumpokea. Nilikuwa nayo makali mno, nimeyanoa tangu ile siku ya kamera.

Karudi alasiri. Mwavuli kaushika umefungwa huku mvua inamnyea. Kapita nyanya zake, kaingia kibandani kwangu, kakaa kwenye kiti chini ya tundu nisiloweza kuliziba, maji yanamdondokea utosini, hasogei.

"Walinifurahia," akasema. "Walinipa chai. Wamepiga picha na mimi, wote, mmoja mmoja. Nikawaambia nimekuja kujua tutawalipisha kiasi gani. Yule wa mapokezi akaita wenzake. 'Njooni msikie, mama wa bango anataka kutulipisha!' Wamecheka, wifi. Wamecheka mpaka wakashika meza."

Nilisimama na kichana.

"Nikadhani ni mzaha wa heri, nikacheka nao. Mkubwa wao akanishika bega akasema, 'Mama, ninyi mnapisha tu. Hamlipishi mtu. Ila asante kwa hiyo sura, imetusaidia sana.'" Akajifuta. "Imewasaidia sana. Sura yangu mimi. Mama yangu mzazi alinizaa na sura hii niwafukuzie watu soko?"

Maneno yangu yote makali yakapotelea mbali. Nikasogeza kiti pakavu, nikafungua nywele zake, nikaanza kumsuka bila kuulizwa mtindo. Miaka yote ya kuwa wifi yangu sijawahi kushika kichwa chake. Ni kidogo, na nyuma pana kovu la utotoni ambalo sikulijua. Tulilia wote wawili, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilipomaliza akajishika mistari akauliza, "Hebu niambie tena hiyo hadithi ya li."

Tarehe 13 Aprili

Yarabi, mnaweza kuamini? Alfajiri, kabla ya gari la spika, wifi alikuwa tayari chini ya bango. Gauni lile, tabasamu hakuna. Kasimama juu ya kreti, bango juu yake, yeye chini, wawili wakifanana, na kila aliyeingia langoni alimwambia:

"Umemwona yule? Ni mimi. Na mimi nasema hapana!"

Watu wakasimama. Huwezi kupita hapo bila kusimama. Mimi nilipoeleza walitaka kujua nani kanituma. Wifi nani angemtuma? Wa kampuni wenyewe ndio waliomtuma, wakamtundika kwenye lango! Akaeleza ofisi, chai, kicheko. Hakutukana hata mmoja. Akamaliza kwa maneno ambayo sikumfundisha, kayatunga mwenyewe usiku:

"Li moja unatoka, li mbili unalipwa. Nenda kahesabu!"

Watu wakageuka wakatazama juu, midomo inacheza. Nimewaona wakihesabu! Mshonaji, mpagazi, muuza samaki, na hata mgeni aliyekuja kununua kamba tu. Gari la spika lilipoingia na wimbo wake, soko lilijibu kwa pamoja kila liliposikika "lipishe": "Li ngapi?" Spika inaimba, soko linauliza. "Lipishe!" "Li ngapi?" Bwana Spika kazunguka mara moja, kisha kaondoka.

Nimempigia wifi makofi mpaka viganja vikauma. Nilimwona mwanamke wa poda tu, kumbe chini ya poda kulikuwa na simba.

Tarehe 14 hadi 16 Aprili

Mvua, vichwa, vichwa. Watu wanakuja kusukwa wasio na haja ya kusukwa.

Tarehe 17 Aprili

Wameshusha bango! Wameweka mwanamke mwingine, meno meupe, kikapu cha matunda yaliyong'aa, kiganja kilekile. Soko zima limesimama chini yake likimchunguza.

"Huyu anauza nini?"

"Kibanda chake kiko wapi?"

"Mikono hiyo haijawahi kumenya kitunguu."

Mpagazi kamsalimia kila alipopita leo nzima, "Shikamoo mgeni," soko linaanguka kwa kicheko. Wimbo nao mpya: Hapana ni kurudi nyuma. Hauna hata ngoma nzuri.

Tarehe 20 Aprili

Mwenyekiti kaniambia yeye alijua maana tangu siku ya kwanza, alikuwa anatupima. Muuza sabuni pia alijua. Mshonaji alijua. Kumbe nilikuwa naimba peke yangu.

Sijambishia mtu. Ajue alivyojua, mradi kajua.

Tarehe 23 Aprili

Nina hofu, niseme wazi. Kata ni kubwa kuliko soko. Mitaa ya juu hawanunui hapa, nao wanaona mabango tu. Wifi kachukua likizo ya nyanya, anazunguka nyumba hadi nyumba na sura yake. Anabisha hodi, wanamtambua, wanafungua. Karudi kaloa, sauti imekauka, nikampa maji ya moto. Kaniambia, "Wifi, kama tukishindwa, tutauzia wapi?" Nimemwambia anywe.

Tarehe 25 Aprili

Siku ya kura. Mvua haikukata hata dakika moja, na foleni haikukatika hata mtu mmoja.

Mama naye kataka kwenda. Nikamwambia magoti. Akaniambia hapigi kura kwa magoti. Mpagazi kasafisha mkokoteni, katandika gunia kavu, Mama akakaa humo na mwavuli, kanyooka, akasukumwa hadi kituoni watu wakifungua njia wenyewe.

Swali kwenye karatasi lilikuwa na neno lilelile: Je, unakubali soko lipishe mradi? Ndani ya kile kijumba cha kupigia kura nilisikia watu upande huu na upande ule wakinong'ona, "Li... moja." Msimamizi akauliza kwa ukali nani anaongea. Hakuna aliyeongea. Nikaweka alama yangu mahali pake, nikaibonyeza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Tarehe 26 Aprili

Asubuhi tulijaa uwanja wa shule, kata nzima, miavuli na mifuko ya plastiki vichwani. Watu wa kampuni walikuwa mbele kwenye turubai, viatu vikavu. Wifi alinishika mkono.

Msimamizi akatoka na karatasi na kipaza sauti. Akakohoa. Akasoma:

"Pendekezo la soko kupisha mradi halikuidhinishwa na wingi wa wapiga kura waliojitokeza."

Kimya.

Msimamizi akainua macho, alitegemea kelele. Mwezi uliopita tungempa. Tungeruka, tungecheza, kisha jioni tungeulizana tumechezea nini. Leo watu elfu kadhaa walisimama kwenye mvua, midomo imefungwa, wanamtazama.

"Yaani nini?" akauliza mtu wa nyuma.

"Ni kama nilivyosoma."

"Sema kwa Kiswahili!"

"Nimesema kwa Kiswahili!"

"Basi sema kwa kile chetu!"

Akasoma tena, maneno yaleyale, polepole zaidi. Hakuna aliyepiga hata kofi. Mwenyekiti alikuwa karibu yangu, akafungua mdomo kujidai kaelewa, muuza sabuni akamkanyaga. Ndipo wifi akaachia mkono wangu, akapenya hadi mbele, gauni limemgandama kwa mvua, akasimama chini ya msimamizi kama alivyosimama siku zote zile chini ya bango.

"Baba," akasema kwa adabu, na sauti yake iliyokauka ikasikika hadi ukutani. "Sisi tunauza vitunguu. Tunabaki au tunatoka?"

Msimamizi akatazama karatasi. Akatazama turubai la kampuni, ambako hakuna aliyekuwa anacheka. Akaikunja karatasi.

"Mnabaki," akasema.

"Kwa kipaza sauti, baba."

Akakileta mdomoni. "Mnabaki!"

"Soko halipishi?"

"Halipishi! Mnabaki!"

Hapo ndipo tukapiga vigelegele.